SHISHA SEBULENI: MAJI HAYAOSHI MOSHI



 

Wiki chache zilizopita tulialikwa walima katika mtaa wetu. Ilikuwa walima nzuri, mashallah. Nikaha ilifungwa msikitini, pilau ilitosha, sambaza walikaangwa mpaka wageni wakaomba wafungiwe wa kuondoka nao, na sheikh akasoma dua ndefu. Hakukuwa na pombe wala muziki wa ovyo. Baba mwenye shughuli alijivunia jambo hilo, na alistahili kujivunia.

Nyuma ya nyumba, katika chumba cha wageni, mlango umefungwa na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya usiku, walikaa vijana wetu kama 10 hivi, wavulana kwa wasichana, wengine wana buibui na kofia. Katikati yao zilikuwepo shisha mbili. Harufu ya tufaha ilifika mpaka uani. Wazazi walipita, wakachungulia, wakacheka. Tulipouliza, tukajibiwa: "Waacheni watoto, si pombe hiyo. Ni matunda tu, na moshi wenyewe unapita kwenye maji."

Usiku ulipokuwa umeenda, binti wa miaka 17 akainuka ili atoke, akapepesuka, akaanguka mlangoni. Uso umempauka, kichwa kinamuuma, anataka kutapika. Palikuwa na taharuki. Mmoja akasema ni jicho la watu, mwingine akasema ni jini wa maharusini. Akasomewa Ayatul Kursiy, na ni jambo jema kusomewa. Lakini alisomewa ndani ya chumba kile kile, makala yakiwa bado yanawaka! Mama mmoja ambaye ni muuguzi ndiye aliyepita katikati ya watu akapiga kelele: "Fungueni madirisha! Mtoeni nje!" Akatolewa, akakaa kwenye upepo wa ziwa karibu saa nzima, akarudiwa na rangi yake. Alhamdulillah.

Hakuwa na jini. Alikuwa na hewa ya makala kwenye damu yake. Na wale waliomwekea hewa hiyo ndio sisi, kwa maneno yale mawili: NI MATUNDA TU, na MOSHI UNAPITA KWENYE MAJI. Maneno hayo tunataka kuyavunja leo, kwani tumeyasikia kwenye nyumba za watu wenye swala tano, na tumeyasikia kwa wanawake wajawazito.

Tuanze na maji.

Chombo hiki si kigeni kwetu Waswahili kama tunavyodhani. Wazee wa Pwani walikuwa na kiko cha maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi. Kibakuli cha tumbaku juu kiliitwa bora, mwanzi wa kushushia moshi uliitwa digali, mwanzi wa kuvutia uliitwa shilamu, na mlio wa maji yanapobubujika uliitwa malio ya kiko. Hata jina nargile, wanalolitumia watu wa Sham na Uturuki, asili yake ni nazi. Husimuliwa kuwa karne ya 16 kule India, katika utawala wa mfalme Akbar, tabibu aliyeitwa Abul-Fath Gilani alishauri moshi wa tumbaku upitishwe kwenye maji ili udhuru wake uondoke. Wengine wanasema chombo kilikuwepo kabla yake. Vyovyote ilivyokuwa, dhana hiyo ya tabibu imeishi zaidi ya miaka 400, na hakuna aliyewahi kuithibitisha.

Sasa angalieni shisha ya leo inavyofanya kazi. Juu kabisa kuna kichwa cha udongo, humo hutiwa tumbaku iliyolowekwa kwenye asali au sukari guru pamoja na harufu za matunda. Ndiyo Waarabu wanaiita muassal, yaani iliyotiwa asali. Kichwa hufunikwa kwa karatasi ya aluminiamu yenye vitundu, na juu ya karatasi huwekwa makala ya moto. Chini ya kichwa kuna shina la chuma linaloshuka mpaka ndani ya chupa ya maji, ncha yake ikizama. Ubavuni, juu ya usawa wa maji, umefungwa mpira mrefu wa kuvutia.

Mvutaji anaponyonya mpira, hewa ya nje inalazimika kupita kwenye makala kwanza. Inabeba joto la makala na gesi zake, inaingia kwenye vitundu, inaipika ile tumbaku, inashuka na moshi kwenye shina, inabubujika ndani ya maji, kisha inapanda kwenye mpira mpaka mapafuni. Basi kitu cha kwanza anachokivuta mtu wa shisha si tufaha wala zabibu. Ni makala! Mtu asiyekubali kuinamisha uso juu ya mbabura akavuta pumzi, anakaa kwenye zulia saa nzima akifanya jambo hilo hilo kwa kupitia mpira.

Na maji yanafanya nini? Yanapoza. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Moshi wa sigara ni wa moto na unakwaruza koo, ndiyo maana mtoto akiijaribu mara ya kwanza anakohoa na pengine anaiacha. Moshi uliopozwa ni laini, una utamu wa matunda, unateremka mpaka chini kabisa ya mapafu na mtoto hakohoi. Maji hayamlindi mtoto, yanamfungulia mlango! Nikotini, ile sumu inayomfanya mtu awe mtumwa wa tumbaku, kiasi chake hubaki kwenye maji, lakini mwili hauridhiki mpaka upate haki yake, kwa hiyo mtu anavuta zaidi. Lami inapita ndani ya mapovu. Na ile gesi ya makala, kaboni monoksaidi, haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kuokoa mtu. Inapita kama mgeni aliyeonyeshwa njia.

Ndugu Waislamu, sisi ndio tulipaswa kuwa watu wa mwisho duniani kudanganywa na jambo hili. Watoto wetu madrasa, kabla hawajajua kuhesabu vizuri, wanafundishwa mlango wa maji. Wanajua maji ya kutawadhia yana sifa tatu za kuangaliwa: rangi, ladha na harufu. Sifa hizo zikibadilishwa na kitu kilichoingia, maji yale hayafai tena kwa udhu. Basi tunawaomba mfanye jaribio moja. Shisha ikimalizika usiku, msiyamwage maji ya chupa. Yamimineni kwenye beseni jeupe, mwite watoto, mwite na yule mjomba anayesema ni matunda tu. Yana rangi ya manjano iliyochafuka, harufu yake inabaki mkononi hata baada ya sabuni. Ladha hatuwaambii muijaribu! Kisha muulizane: nani yuko tayari kutawadha kwa maji haya?

Wako watakaosema, mnaona basi, uchafu umebaki kwenye maji. Ndiyo, kidogo chake. Maji machafu hayathibitishi kwamba kilichobaki ni kisafi. Ukiosha kitambaa cha kudekia mara moja, maji yakawa meusi, je, kitambaa kimekuwa cheupe? Na jambo la pili ni kubwa zaidi: mapafu yako hayana beseni la kumwaga.

Sasa hesabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikusanya wataalamu wake wakaandika ripoti juu ya shisha mwaka 2005, na wakairudia kwa upana zaidi mwaka 2015. Walichosema ni hiki. Mvuta sigara anavuta pumzi 8 hadi 12 kwa dakika 5 mpaka 7, na moshi anaoingiza ni kama nusu lita au zaidi kidogo. Mvuta shisha anakaa dakika 20 mpaka 80, anavuta pumzi 50 hadi 200, na kila pumzi inaweza kuwa na moshi kuanzia sehemu ndogo ya lita mpaka lita nzima. Kwa hiyo kikao kimoja cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi wa ujazo mara 100 mpaka 200 ya ule wa sigara moja. Tunasema ujazo wa moshi, hatusemi kila sumu imezidi mara 200, maana hatutaki mtu aje kutuambia tumetia chumvi. Chumvi haihitajiki hapa. Baba anayemchapa mwanawe kwa kumkuta na sigara moja, kisha akamwachia shisha sikukuu nzima, na apige hesabu mwenyewe.

Na mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ukakuta shisha ina uhusiano na saratani ya mapafu, maradhi ya njia ya pumzi, maradhi ya fizi, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Hilo la mwisho tunawaambia hasa mama zetu na dada zetu, maana shisha imewapata wanawake ambao maisha yao yote hawakuwahi kugusa sigara. Mwanamke wa Kiswahili akionekana na sigara barabarani mtaa mzima unasema. Akiwa na mpira wa shisha chumbani na mashoga zake, inaitwa kupumzika.

Kuhusu hewa ya makala, sisi watu wa hapa hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Nani katika Gisenyi hajasikia habari ya watu waliolala na mbabura ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi, asubuhi wasiamke? Kila mama hapa anamwambia binti yake: toa mbabura nje kabla hujalala. Na tunaijua pia mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini upande huu wa Nyiragongo, inayotulia mabondeni na kuua mbuzi na hata watu bila rangi wala harufu. Mazuku ni gesi nyingine, si ile ya makala, lakini somo ni moja: hewa inaua bila kuonekana. Watu wenye elimu hii ya kuzaliwa nayo, wakafunga madirisha, wakawasha makala, wakawakalisha watoto kuizunguka, tena wakawapa mpira wa kuinyonyea! Kaboni monoksaidi inashika damu mahali pa oksijeni, kichwa kinauma, macho yanazunguka, miguu inalegea. Vijana wanaita hali hiyo kunogewa.

Tuje kwenye matunda. Pakiti zina picha ya tufaha, embe, zabibu, mnanaa. Ndani yake ni tumbaku. Nyingine zimeandikwa kuwa lami ni asilimia 0. Msicheke, hilo ni kweli kabisa! Lami haimo kwenye jani, inazaliwa jani linapochomwa. Ni sawa na kuuza gogo la kuni ukaandika juu yake kuwa lina moshi asilimia 0. Na zile zinazouzwa kwa jina la mitishamba, zisizo na tumbaku, zilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, ambao wameichunguza shisha miaka mingi. Mwaka 2012 walichapisha matokeo kwamba aliyevuta isiyo na tumbaku aliingiza kaboni monoksaidi na sumu nyingine za moshi sawasawa na mwenzake mwenye tumbaku. Kilichopungua ni nikotini tu. Kwani makala ni yale yale. Tena tusisahau mpira unaopita mdomo kwa mdomo, mate juu ya mate, katika nchi ambayo vituo vya afya vinapigana na kifua kikuu kila siku. Watoto wetu hawakubali kunywea kikombe kimoja na mdogo wao, lakini mdomo wa shisha unawazunguka watu 10!

Labda mtu atauliza: kwani serikali iko wapi? Serikali ilishafanya kazi yake. Desemba 2017 Wizara ya Afya ya Rwanda ilipiga marufuku kuvuta shisha, kuitangaza na kuiingiza nchini. Tanzania ilikuwa imeshaikataza mwaka 2016, Uganda iliikataza kwa sheria ya tumbaku ya mwaka 2015, na Kenya ilifuata mwezi ule ule wa Desemba 2017. Baa na hoteli za ufukweni ambazo zilikuwa na shisha kwenye kila meza ziliziondoa. Tuliona kwa macho yetu, na tulifurahi.

Ila zilikwenda wapi? Hapo ndipo penye aibu. Zilihamia majumbani, na kwa sehemu kubwa, tusifichane, zilihamia majumbani KWETU. Askari haingii sebuleni kwa mtu siku ya Idi kuangalia nini kipo chini ya meza. Mwenye baa aliogopa faini, akatii. Sisi tunaosema tunamwogopa Allah tukaona, maadamu ni ndani ya nyumba, hakuna neno. Wapo pia vijana wanaongoja mpaka ukiwa wazi wavuke Petite Barrière wakavute kwa wenzao, kama kwamba mapafu yanaulizwa pasipoti.

Tazameni pia kilichotokea Kenya. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliamua kuwa kanuni za kukataza shisha hazikupelekwa bungeni kama sheria inavyotaka, na watu waliokamatwa wakaachiwa. Wengine huku wakashangilia: "Imehalalishwa!" Ndugu yetu, kesi ile ilikuwa juu ya karatasi na utaratibu. Moshi haukuwa msafi zaidi siku ile kuliko siku iliyotangulia. Anayeacha shisha kwa sababu ya kanuni tu, ataianza siku kanuni itakapoanguka.

Neno linalotuumiza zaidi kuliko yote ni hili: "Afadhali shisha kuliko bia." Tunalielewa linatoka wapi. Tunaishi katika mji ambao kiwanda cha bia kipo tangu mwaka 1957, magari ya kreti yanapita mbele ya misikiti yetu, na mzazi wa Kiislamu hapa anaishi na hofu moja kubwa, kwamba mwanawe atalewa. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini imetufanya vipofu wa jicho la pili. Tumekuwa kama mtu anayelinda mlango wa mbele kwa panga, mwizi akaingia kwa mlango wa uani, tena akakaribishwa chai. Na nani kasema kijana lazima achague kimojawapo? Wako wanaomimina pombe ndani ya chupa ile badala ya maji, na mzazi anayepita anaona mapovu tu. Shisha haikumzuia kijana asiende kwenye pombe. Imemzoesha kukaa usiku kwenye moshi na kuona kuwa starehe haikamiliki bila kitu cha kuvuta.

Halafu tunaambiwa: "Mbona Waarabu wanavuta?" Wanavuta, ni kweli. Na pombe iko Cairo, na kamari iko Beirut. Uarabu si Uislamu. Shisha ilitufikia ikiwa na jina la nje, bomba la kung'aa na mapambo kama ya birika la kahawa, nasi tukadhani ni jamaa yetu. Laiti ingeletwa na Mbelgiji tungeipiga mawe siku ya kwanza!

Wengine wanatafuta kimbilio kwa wanazuoni, na hapo tuseme kwa adabu. Ni kweli tumbaku ilipoingia nchi za Waislamu wanazuoni walitofautiana. Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika kitabu kizima akitetea kuwa si haramu, na alikuwa mwanachuoni mkubwa, Allah amrehemu. Lakini zama zake madhara hayakuwa yamethibitishwa, kila mtu alisema kwa alichokiona. Leo yamepimwa kwa mizani na damu. Ndiyo maana Sheikh Ibn Baz wa Saudia alisema uvutaji ni haramu, na Sheikh Nasr Farid Wasil alipokuwa Mufti wa Misri (1996 hadi 2002) akatoa fatwa hiyo hiyo. Anayetaka kushikamana na Nabulsi leo, kwanza atuonyeshe kuwa Nabulsi aliyajua tunayoyajua. Katazo la kujitia wenyewe katika maangamizi lipo katika Suratul Baqara, aya ya 195, na msingi wa kutodhuru na kutodhuriana kila mwanafunzi wa fiqhi anaujua. Mtume (S.A.W.) aliwataka waliokula vitunguu vibichi wasiukaribie msikiti kwa sababu ya harufu, na vitunguu ni halali! Basi anayeingia swala ya Alfajiri na koti linalonuka moshi wa usiku kucha atajibu nini?

Sasa tujisute na sisi wenyewe, maana haifai kunyooshea wengine vidole tukaficha vyetu. Miaka michache nyuma sisi tunaoandika ukurasa huu tulituma kadi ya Idi kwa familia zote. Ilikuwa na mwezi mwandamo, tende, birika la kahawa, na pembeni, ikitoa moshi wa kuvutia, shisha. Tuliichukua kwa sababu ilikuwa "picha ya Kiislamu". Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, wala msomaji aliyetuandikia kulalamika. Mtoto aliyeiona kadi ile alifundishwa na sisi kuwa kitu kile kinakaa pamoja na tende na mwezi. Tunaomba msamaha kwenu, na kwa Allah kabla yenu.

Tumefanya nini baada ya walima ile? Si mengi. Akina mama wa mtaa wetu walikaa baada ya darsa la Jumamosi, na yule mama muuguzi akawaeleza yote haya vizuri kuliko tulivyoandika. Wamekubaliana kwamba kadi ya mwaliko itakayotoka kwenye nyumba zao itakuwa na mstari mmoja chini: HAKUNA SHISHA KATIKA SHUGHULI HII. Wapo waliosema mstari huo ni aibu, kana kwamba tunatangaza kuwa kwa kawaida ipo. Lakini si ipo? Baadhi ya akina baba wamenung'unika. Imamu ameombwa aliguse jambo hili kwenye khutba, na ameahidi, inshallah. Vijana wenyewe, tuwape haki yao, walisema neno ambalo hatukuwa na jibu la haraka: "Mmetuondolea shisha, mtatupa nini usiku wa harusi? Wazee mna kahawa na mazungumzo yenu, sisi tunakaa wapi?" Mzee mmoja amejitolea ua wake, taa, na bao mbili za kucheza. Ni mwanzo. Anayeweza kuongeza na aongeze.

Binti yule ni mzima. Alituambia kuwa alikuwa ameshavuta kwenye walima tatu kabla ya ile, na kila mara kichwa kilimuuma mpaka kesho yake, ila aliona haya kusema kwa sababu wenzake wote walikuwa wakicheka. Baba yake alikuwa miongoni mwa wale waliochungulia mlangoni.

Kwa nyumba zenye chombo hiki juu ya kabati: hatusemi mkiuze, kwa sababu mtakuwa mmempelekea Mwislamu mwingine, na mkimuuzia asiye Mwislamu mapafu yake nayo ni amana. Kichwa kivunjwe, mpira ukatwe vipande, mtoto asiupate akauchezea. Chupa, kama ni ya kioo kizuri, mama mmoja wa hapa ametia maua ndani yake na ameiweka dirishani, dirisha lenyewe likiwa wazi.

Na ninyi ndugu zetu mlioko Maskati na Dubai, mnaokuja likizo na masanduku makubwa, Allah awabariki na awarudishe salama. Tunajua zile mlizokuwa mkituletea mlizileta kwa mapenzi. Sasa mjue kuwa kuziingiza Rwanda kumekatazwa, mtaaibika uwanja wa ndege mbele ya watoto. Leteni tende. Na kama nafasi kwenye sanduku itabaki, ongezeni tende.